Black Sabbath bila Ozzy: jina lilikuwa la nani?

Mei 2009 mwimbaji Ozzy Osbourne alimfungulia kesi huko New York Tony Iommi, mpiga gitaa aliyeanza naye Black Sabbath, bendi ya metali (roki nzito), mjini Birmingham mwaka 1968. Alidai nusu ya jina la bendi. Mwaka uliofuata wakapatana wenyewe, lakini wapenzi wa muziki huu bado wanabishana: Ozzy alipofukuzwa mwaka 1979 kwa sababu ya ulevi na dawa, waliobaki walikuwa bado Black Sabbath?

Wanaosema ndiyo huanzia kwenye mkono wa Iommi, na kweli ndipo pa kuanzia. Akiwa na miaka 17, siku ya mwisho kazini katika kiwanda cha mabati, mashine ilimkata ncha za kidole cha kati na cha pete vya mkono wa kulia. Yeye hupigia kushoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akatengeneza vikofia mfano wa subana, akavibandika ngozi visiteleze. Akatafuta nyuzi nyembamba. Kufikia albamu ya Master of Reality ya 1971, alikuwa akizilegeza nyuzi hizo katika baadhi ya nyimbo, na gitaa likashuka chini hadi unalisikia kifuani. Mlio huo ndio bendi nyingi za metali zimeurithi. Ni yeye peke yake aliyemo katika albamu zote za studio. Mashairi nayo, sehemu kubwa, yaliandikwa na Geezer Butler wa gitaa la besi, si Ozzy.

Basi Ozzy aliondoka na nini? Sauti, na hilo si jambo dogo. Sikiliza wimbo wa “Iron Man”: sauti inaandamana na gitaa hatua kwa hatua, bila kujirembesha, kama mtu wa mtaani anayekuonya. Ronnie James Dio, aliyemrithi, alikuwa fundi zaidi, naye alipaa juu ya gitaa badala ya kulifuata. Heaven and Hell ya 1980 ni albamu bora, na bila hiyo sidhani kama bendi ingeuvuka muongo ule. Lakini tukumbuke kwamba Butler na mpiga ngoma Bill Ward walikuwa bado ndani wakati wa kuirekodi.

Pabaya ni 1986. Iommi alitaka Seventh Star iwe albamu yake binafsi; kampuni ya kurekodi ikashinikiza jina la bendi liwekwe juu ya jalada. Hapo nakubaliana kabisa na wanaolalamika. Na aliyeumia zaidi ni Tony Martin, mwimbaji aliyekuja baadaye. Headless Cross ya 1989 ina nyimbo nzito, zenye sauti ya kusisimua, lakini watu waliisikiliza wakimtafuta Ozzy, hawakumsikia Martin.

Iommi mwenyewe aliwapa wapinzani wake hoja nzito. Alipoungana tena na Dio na Butler mwaka 2006, hawakujiita Black Sabbath; walizunguka kwa jina la Heaven & Hell.

Hata hivyo, upande wa Ozzy nao una deni. Mwaka 2013, Ozzy akiwa amerudi kuimba, albamu iitwayo 13 ilishika namba moja Uingereza, mara ya kwanza tangu Paranoid ya 1970, na wengi wakashangilia kwamba Sabbath halisi imerudi. Ward hakuwemo, hawakuelewana kuhusu mkataba, ngoma akapiga Brad Wilk. Ikiwa kutoka kwa Ozzy kulilivunja jina, kwa nini kutoka kwa Ward kusilivunje? Mapigo yake, yaliyojaa jazi, ndiyo yaliyofanya uzito ule ucheze. Kwangu mimi pengo lake ni kubwa karibu sawa na la Ozzy, na inaniuma kuona linavyorukwa kirahisi.

Tarehe 5 Julai 2025 wote wanne walipanda jukwaani katika uwanja wa mpira wa Villa Park, Birmingham, katika mtaa uleule wa Aston walikokulia, Ward akiwa nyuma ya ngoma zake. Ozzy, aliyekuwa na ugonjwa wa Parkinson, aliimba ameketi kwenye kiti cheusi. Walipiga nyimbo nne tu, zote za kabla ya 1979. Siku 17 baadaye Ozzy akafariki.