Gemu za mashabiki zisiishi kwa huruma

Fungua gemu yoyote iliyotengenezwa na mashabiki, na karibu kila mara kitu cha kwanza utakachokiona ni tangazo: hii si gemu rasmi, haiuzwi, wahusika wote ni mali ya wenyewe. Ni maneno ya heshima na nayapenda. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengi wanayachukua kama kinga. Wanaamini kwamba mradi hawajapokea hata senti, sheria haina la kuwauliza.

Sheria inalo. Hakimiliki humpa mwenye kazi uwezo wa kuamua nani ainakili, nani aisambaze, na nani atengeneze kazi mpya kutokana nayo. Uwezo huo haupotei kwa sababu kitu kimetolewa bure. Marekani, ambako kampuni nyingi za huduma zinazohifadhi gemu hizi zinaendeshea shughuli zao, kinga inayotajwa sana ni matumizi ya haki, katika kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya 1976. Mahakama hupima mambo manne: lengo la matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la mwenyewe. Kutouza kunakusaidia kwenye lile la kwanza na kunaweza kugusa la nne, basi. Mwaka 1994, katika kesi ya Campbell dhidi ya Acuff-Rose, Mahakama ya Juu ilisema kuuza peke yake hakumnyimi mtu kinga hiyo. Kwa mizani hiyohiyo, kutouza peke yake hakumpi.

Sasa iweke gemu ya shabiki kwenye mizani hiyo. AM2R ilikuwa ni gemu ya shabiki iliyoiunda upya gemu ya Metroid ya Game Boy, kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, iliyotoka 1991. Milton Guasti aliifanyia kazi kwa karibu miaka kumi. Aliitoa bure Agosti 2016, Metroid ilipotimiza miaka 30, na haukupita muda Nintendo, kampuni yenye Metroid, wakatuma notisi kwa tovuti zilizoihifadhi ili waiondoe. Septemba mwaka uliofuata, Nintendo wenyewe wakatoa Metroid: Samus Returns, nao wakiiunda upya gemu ileile ya 1991. Hapo jambo la nne, athari kwa soko, haliwezi kupuuzwa. Mtu aliyekwisha kuicheza ya bure anaweza kuona hana haja ya kununua ya pili. Anaweza pia kuwa ndiye wa kwanza kupanga foleni dukani, maana mapenzi yake yamechochewa upya. Nadhani wengi ni wa kundi hili la pili, lakini sitajifanya kwamba wasiwasi wa Nintendo ulikuwa wa kubuni. Kwa sheria ilivyo, walikuwa na haki ya kufanya walichofanya.

Ninachokipinga ni sheria ilivyo.

Angalia jinsi mambo yanavyokwenda kwa vitendo. Chini ya sheria ya Marekani ya 1998 inayojulikana kama DMCA, mwenye haki hutuma notisi, na huduma inayohifadhi gemu huiondoa ili yenyewe isibebe lawama. Mtengenezaji anaruhusiwa kujibu. Akijibu, na mwenye haki asifungue kesi, gemu hurudishwa ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini ili kujibu, lazima uandike jina na anwani yako, na ukubali kushtakiwa katika mahakama ya shirikisho ya Marekani, ambako fidia kwa ukiukaji wa makusudi inaweza kufika dola 150,000 kwa kila kazi. Mwanafunzi aliyetengeneza gemu usiku baada ya masomo atajibu? Hajibu. Anafuta viungo, anawaomba radhi wachezaji, anaondoka. Pokémon Uranium, gemu nyingine ya mashabiki iliyochukua takriban miaka tisa, ilitoka mwezi uleule wa Agosti 2016 na ikaondolewa na watengenezaji wake baada ya notisi, ikiwa imekwisha kupakuliwa zaidi ya mara milioni moja. Hakuna jaji aliyewahi kupima lolote. Kinga ambayo mtu hawezi kuifikia bila kuhatarisha maisha yake yote mimi siihesabu kuwa kinga.

Utasikia pia kwamba kampuni hazina budi kuwafuata mashabiki, la sivyo zitapoteza haki zao. Hoja hiyo ina mzizi kwenye alama za biashara, ambazo kweli hudhoofika zikiachwa zitumiwe ovyo. Hakimiliki haipotei kwa kunyamaza. Valve, kampuni yenye gemu ya Half-Life, waliiacha Black Mesa, kazi ya mashabiki iliyoiunda upya Half-Life ya 1998, itoke bure mwaka 2012, kisha wakawaruhusu walioitengeneza waiuze. Half-Life imebaki mali ya Valve. Sega, wenye gemu za Sonic, nao wamewavumilia mashabiki wa Sonic kwa miaka mingi, na Christian Whitehead, aliyeanzia huko kwa mashabiki, ndiye aliyeongoza Sonic Mania ya 2017. Kuvumilia ni uamuzi, na kufunga ni uamuzi. Anayefunga asiseme amelazimishwa.

Wako wanaoshauri njia rahisi: badilisha majina, chora wahusika wako, uza. Kisheria ni ushauri mzuri, kwa sababu hakimiliki hailindi kanuni za mchezo, inalinda namna zilivyovishwa. Hata hapo kuna mpaka. Mwaka 2012 mahakama ya Marekani iliipa Tetris ushindi dhidi ya kampuni ya Xio iliyoiga sura yake karibu kila kitu. Ila ushauri huu haumgusi shabiki wa kweli. Yeye anataka kurudi katika ulimwengu uleule, kwenye mapango yaleyale, amwone mhusika aliyekua naye akifanya jambo ambalo kampuni haikuwahi kumpa. Hiyo ni kazi ya sanaa yenye thamani yake, na ukimwambia abadilishe majina umemwambia aache.

Njia ninayoiunga mkono ipo tayari. Kanada iliingiza katika Sheria yake ya Hakimiliki, kwa marekebisho ya 2012, kifungu cha 29.21. Kinamruhusu mtu kutumia kazi iliyochapishwa kutengeneza kazi mpya, mradi lengo si biashara, chanzo kitajwe inapowezekana, awe na sababu za kutosha kuamini kwamba kazi au nakala aliyoitumia haikukiuka hakimiliki, na matokeo yasimwathiri mwenyewe kwa kiasi kikubwa, kifedha au vinginevyo. Sharti la mwisho ni zito, na AM2R huenda ingekwama hapohapo. Lakini tazama tofauti: kutouza kumeandikwa katika sheria kama msingi wa ruhusa yenyewe, si kama chembe moja kwenye mizani ya mambo manne.

Ruhusa ya namna hiyo lazima ilindwe dhidi ya ujanja. Anayeificha sehemu mpya ya gemu nyuma ya mchango wa kila mwezi ameuza, hata akiita mchango. Anayechota faili za muziki na picha moja kwa moja kutoka kwenye gemu ya asili, akaziweka kwenye yake bila kuziunda upya, nisingempa kinga sawa na aliyechora kila kitu kwa mkono wake.

Ningeongeza jambo moja ambalo Kanada hawakuliandika. Majaribio ya AM2R yalikuwa hadharani miaka kadhaa kabla ya gemu kamili kutoka, yakipakuliwa na kujadiliwa wazi. Sheria imtake mwenye haki anayejua mradi upo aseme mapema, na akinyamaza miaka mingi kisha akatuma notisi siku ya kutolewa, ukimya huo uhesabiwe dhidi yake. Barua ya mwaka wa pili ingemwokolea mtengenezaji minane iliyobaki.