Ritifaa Yangu na Mkopo Nafuu

Kuanzia leo asubuhi, kwa mujibu wa mfumo mpya wa kielektroniki wa usajili wa raia, jina langu ni kosa. Sisemi kwamba lina kosa. Lenyewe zima ndilo kosa, limeandikwa kwa rangi nyekundu na kuwekewa alama ya mshangao ndani ya pembetatu, kama zile zinazobandikwa kwenye nguzo za umeme mkubwa. Nimelitumia jina hilo tangu nizaliwe, nimelisomea, nimeolea nalo, nimelilipia kodi, na sijawahi kusikia kwamba limemdhuru mtu.

Kisa ni ritifaa. Jina langu linaanza na ng' ile ya ng'ombe, si ng ya ngoma, na kila aliyefundishwa kusoma Kiswahili anajua kwamba tofauti ya sauti hizo mbili imebebwa na kijialama kimoja kilichoning'inia juu kama kiluwiluwi. Mfumo ulionunuliwa kwa mamilioni ya dola za mkopo haukitaki.

Nilifika dirishani baada ya foleni ambayo sina haja ya kuieleza kwa mtu yeyote aliyewahi kuhitaji karatasi ya serikali. Aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kompyuta ambayo bado imevikwa nailoni yake ya dukani. Ubavuni mwa kioo kulikuwa na kibandiko chenye picha ya mikono miwili inayosalimiana, na maneno yaliyosema kwamba kifaa hicho kimenunuliwa kwa mkopo nafuu.

"Mzee wangu," akaniambia, "hii alama tuitoe tu?"

"Ukiitoa, mama, utakuwa umemsajili mtu mwingine."

Akaniheshimu, akajaribu tena mbele yangu. Kitufe cha ritifaa kiko jirani na kile kikubwa cha kuingiza, nacho kilikuwa kinang'aa kwa upya, tofauti na cha herufi A ambacho maandishi yake yamekwisha kufutika kwa vidole. Kilibofyeka vizuri. Ritifaa ikatokea kwenye kisanduku, ikakaa kama sekunde mbili, nikaiona kwa macho yangu mwenyewe na kukaribia kupiga makofi, kisha kisanduku kikageuka chekundu.

Tukaanza majaribio. Bila ritifaa, mfumo ulidai kwamba jina halilingani na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, ambacho karani wa zamani alikiandika kwa wino na mkono wake, ritifaa ikiwemo, bila kukopa popote. Tulipoweka nafasi tupu mahali pake, jina likakatika vipande viwili, nikawa naitwa Ng, na mabaki yakahamia kwenye ukoo. Tulipoweka mkato, mfumo ukadhani nimeorodhesha watu wawili, ukataka kitambulisho cha wa pili. Foleni nyuma yangu ilikuwa imeanza kutoa ushauri.

Akaitwa kijana wa TEHAMA. "Shikamoo, mzee." Marahaba. Akanieleza kwa adabu kubwa kwamba katika amri zinazopelekwa kwenye hifadhidata, ritifaa ndiyo alama inayofungua na kufunga maneno, na kwamba wadukuzi huipenyeza kwenye visanduku kama hiki ili kuingizia amri zao, hivyo mkandarasi ameamua kuipiga marufuku moja kwa moja.

"Kwa hiyo mimi ni mdukuzi?"

"Si wewe, mzee. Ni jina lako."

Nilijitahidi kubaki mtu mzima. Nikamuuliza kama ni kweli kwamba alama hiyo imo katika ASCII, orodha ya herufi na alama ambazo kompyuta huzitambua kwa namba, tangu 1963, ikiwa na namba yake ya 39, na kwamba waandishi wa programu wamekuwa na tiba ya tatizo hilo kwa miaka mingi, yaani kutenganisha amri na maneno anayoyajaza mtu. Akakiri kwa sauti ya chini kwamba ni kweli, na kwamba ni kazi ya alasiri moja. Basi itibu, mwanangu. Hawezi, kwa sababu msimbo wa programu hawana, anao mkandarasi. Kubadili chochote kunahitaji ombi la mabadiliko, ombi linahitaji kikao cha kamati, kamati ikiridhia linapelekwa kwa mkandarasi ambaye kwa saa hii kwao ni usiku wa manane, naye atatuma ankara, na ankara hiyo haina fungu, kwa kuwa mkopo ulikuwa wa kujenga na muda wa dhamana umekwisha. Ritifaa yangu itabidi isubiri awamu ya pili.

"Na awamu ya pili ni nini?"

"Ni mkopo mwingine, mzee."

Hapo ndipo heshima niliyokuja nayo iliponiponyoka. Yaani nchi nzima, yenye wimbo wa taifa, iende kukopa ritifaa!

Nisieleweke vibaya, mkopo nafuu si mkopo wa mtaani. Kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, mkopo huitwa nafuu pale ambapo, ukipigiwa hesabu kwa thamani ya leo, walau asilimia 35 yake ni sawa na zawadi. (Nilimuuliza kijana kama ritifaa imo kwenye hiyo asilimia 35. Akacheka, mimi sikuwa natania.) Ile IDA, tawi la Benki ya Dunia la kukopesha nchi maskini, iliyoanzishwa 1960, kwa masharti yake ya kawaida hukopesha kwa miaka 38, sita ya mwanzo bila kurejesha mtaji, na ada ya huduma ya asilimia 0.75 kwa mwaka. Benki ya Exim, ya serikali ya China, imezoeleka kwa riba ya asilimia 2 na miaka 20, kwa sharti kwamba walau nusu ya manunuzi yafanyike China. Ukilinganisha na riba za sokoni, hizo ni fedha za upole kabisa.

Lakini kompyuta ile niliyoiona, hata ikibaki ndani ya nailoni yake, itaishi miaka mitano, sita ikiombewa dua. Kwa ratiba ya miaka 38, itakufa kabla mtaji wa deni lake haujaanza kurejeshwa, na kwa miaka thelathini na kitu baada ya hapo tutakuwa tunamlipia marehemu. Barabara ikikopewa hivyo naelewa, kwa kuwa barabara hata ikichakaa bado mtu anaipita kwa miguu. Programu ambayo leseni yake imekwisha utaipitaje kwa miguu?

Papua New Guinea wanayajua haya. Walijengewa kituo cha taifa cha data mjini Port Moresby kwa mkopo wa dola milioni 53 kutoka Exim ya China, kikakamilika 2018. Kufikia 2020 taarifa iliyofadhiliwa na Australia, ambayo katika kugombania ushawishi na China nayo ina yake, ikaeleza kwamba kituo kina mianya ya usalama na kimedhoofika kwa kukosa fedha za matunzo. Deni halikudhoofika. Tena deni la namna hii hulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo kila sarafu ya mkopaji inaposhuka, ritifaa inapanda bei hata kama hakuna aliyeigusa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vitu vingine vipo bila bei ya leseni. Estonia imekuwa ikiunganisha mifumo ya serikali yake kwa X-Road tangu 2001, na msimbo wake sasa uko wazi kwa yeyote. MOSIP ya India, ambayo ni ya kusajili raia kama mimi, nayo iko wazi. Kijana anazijua zote mbili. Aliniambia angeweza kuzirekebisha mwenyewe, akatazama mlangoni, akanyamaza.

Mashine ya kuchanganua kiapo changu cha kuthibitisha jina ilikuwa mbovu. Dirisha la tatu lilikuwa limefungwa. Umeme ulikwenda, ukarudi.

Mama yule mpole akanielekeza kwenye kishikwambi kilichofungwa kwa mnyororo ukutani, chenye kibandiko kilekile cha mikono inayosalimiana, ili niandike maoni yangu kuhusu huduma. Nikavaa miwani, nikaandika kwamba nimekuja hapa kwa heshima zote na kwamba nanung'unika. Kisanduku kikageuka chekundu. Nikafuta, nikaandika nalalamika. Kikakubali, kikanishukuru kwa ushirikiano wangu, kisha kikaniomba nijaze jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.