Wazazi, ulizeni kuhusu chaguo namba 8

Mwandishi wa makala niliyoisoma kuhusu ASVAB, mtihani wa jeshi wa kupima uwezo wa wanafunzi, ameeleza vizuri kwamba unatolewa bure kwenye sekondari za umma hapa Marekani, lakini swali kubwa amelipita haraka: matokeo yanakwenda kwa nani? Binti yangu aliufanya akiwa darasa la 11, ukachukua muda wa karibu saa tatu, akiambiwa utamsaidia kuchagua kazi. Haikupita muda simu ikaanza kuita jioni, afisa wa jeshi anamtaja kwa jina, anajua hesabu anaziweza. Mimi sikusaini chochote.

Ndugu zangu, shule ndiyo inayochagua, kwa namba, nani apewe matokeo, na chaguo namba 8 linazuia yasipelekwe kwa maafisa wa kuandikisha askari. Jimbo la Maryland walilifanya lazima kwa sheria mwaka 2010. Na hata bila mtihani, sheria ya shirikisho inaitaka shule iwape maafisa hao majina, anwani na simu za wanafunzi wakiziomba, isipokuwa mzazi akatae kwa maandishi.

Silichukii jeshi. Ila wengi tuliokimbia vita Kongo hatuzisomi zile fomu za Kiingereza za kufungua shule. Ya binti yangu niliikuta chini ya begi, imekunjwa, haijajazwa.