Ishirini Yangu Ilikuwa Mfalme wa Drafti

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani ambapo kila mtu anaigiza shujaa wake. Hauendi bila dadu ya pande ishirini, na mimi Kisumu sijawahi kuiona dukani. Za ludo, zile za pande sita, hazikosekani. Tulijaribu dadu ya simu kwanza. Ikampa mwenye simu 20 mara mbili mfululizo, na simu ikarudi mfukoni kwa kelele. Ndipo binamu yangu, ambaye ndiye refa, yaani anayesimulia hadithi na kuendesha maadui, na ndiye mwenye nyumba pale Manyatta, akaamua tutumie vizibo vya soda ndani ya soksi ya shule.

Utengenezaji wake ni rahisi, ukitaka kujaribu. Vizibo ishirini. Wino unafutika kwenye ule utando wa ndani, kwa hivyo unabandika kipande cha plasta na kuandika juu yake. Namba 6 na 9 zinapigiwa mstari chini, la sivyo mtapigana. Soksi iwe ndefu, ya kufika magotini, ili mkono uzame na jicho lisione kitu. Unatikisa mara tatu, unachota kimoja, unasoma kwa sauti, unakirudisha. Kukirudisha ndiyo sheria kuu: ukikiacha mezani, anayefuata anachota katika kumi na tisa na hesabu yote ya kitabu imeharibika. Dadu ya pande nane tuliigiza kwa kuchota mpaka itoke 8 au chini. Inachosha, lakini inaenda.

Vizibo kumi na saba tulipewa na mama wa kioski. Hivyo vilikuwa vimefunguliwa kwa opena, kila kimoja na mkunjo wake katikati, kama mdomo wa mtu anayecheka upande mmoja. Vikapungua vitatu. Shemeji akajitolea kununua soda tatu, akazifungua kwa magego, taratibu, akizunguka ukingo, na vizibo vikatoka vimenyooka kama vya kiwandani. Hivyo ndivyo tulivyoandika 18, 19 na 20.

Mezani tulikuwa wanne. Refa. Shemeji, aliyeigiza mpiganaji wa upanga mkubwa wa mikono miwili. Nesi jirani, aliyeigiza kuhani, ambaye pia alishika daftari kwa sababu mwandiko wetu hausomeki (wake pia hausomeki, ila yeye ana kisingizio cha kazi). Na mimi, niliyekesha wiki nzima nikijiuliza: sime mbili nimpe mpiganaji au mjanja, yule shujaa wa kuvizia?

Swali hilo si la mchezo. Gemu lilipotoka Marekani mwaka 1974 mjanja hakuwepo. Aliletwa 1975 akiitwa mwizi, na bado hajaaminika. Sisi tunacheza kwa sheria za 2014, zile za bure tulizochapisha saiba. Kwa sheria hizo, ukishambulia kwa silaha nyepesi iliyo mkono mmoja, unaweza kutumia tendo lako la ziada kupiga kwa silaha nyingine nyepesi iliyo mkono wa pili. Sime ni nyepesi. Jambia ni jepesi. Kitara, ule upanga uliopinda, nacho ni chepesi. Upanga mrefu si mwepesi, kwa hivyo yule jamaa wa panga mbili ndefu unayemwona kwenye picha anahitaji kipaji maalumu kwanza. Halafu pigo la mkono wa pili linatoa dadu tupu, bila kuongezewa pointi zako za wepesi. Anayeongezewa kote kote ni mpiganaji aliyechagua mtindo wa silaha mbili.

Nikachagua mpiganaji. Nikamwita Simba Dume wa Kano. Wepesi wake 16, yaani +3; ukitia +2 ya ujuzi, kila kizibo ninachochota kinaongezwa 5. Goblini, adui mdogo wa kitabuni, ana kinga 15, yaani jumla ninayopaswa kuifikia ili nimpate, kwa hivyo natafuta 10 kwenda juu, vizibo kumi na moja kati ya ishirini. Kila sime inatoa wastani wa 6.5, na goblini ana uhai 7. Jumamosi ya kwanza Simba alilaza wawili, na nilivyoshangilia, ploti nzima ilijua.

Jumamosi ya pili tukakutana na hobgoblini. Huyo ana kinga 18, anataka 13 kwenda juu. Nikachota 5. Nikachota 11, 8, 12. Hobgoblini naye, mwenzake akiwa amesimama karibu na mtu anayempiga, anaongeza dadu mbili za sita juu ya upanga wake. Simba alikuwa na uhai 12. Pigo moja likatoa 14, akaenda chini.

Ukianguka unachotea roho yako. Kuanzia 10 ni nafuu, chini ya hapo ni hatua kwenda kaburini, na zikitimia tatu za upande mmoja mambo yamekwisha. 20 inakuinua papo hapo na uhai 1. Nikatikisa soksi kama mganga: 7. Nikatikisa tena, kizibo kikatoka plasta imechanika pale penye mstari. Nikasema ni 9, shemeji akasema ni 6, tukavutana karibu dakika kumi mpaka nesi akauliza, "Na zote mbili si ziko chini ya kumi?" Ya tatu ikawa 4.

Mke wa binamu aliingia na ugali, akaona uso wangu, akauliza nani amefariki. Nikamwambia Simba. Akaweka sahani chini polepole.

"Woi, pole sana. Wa upande wa mama?"

Basi nikatangaza kwamba tatizo ni mpiganaji, na nikafanya hesabu ambayo ningeifanya mapema. Mjanja ana shambulio la kuvizia: dadu moja ya ziada ya pande sita katika leveli ya 1, mbili katika ya 3, tatu katika ya 5. Halihitaji giza wala kujificha. Inatosha mwenzako awe ndani ya futi tano za adui. Ila linatoka mara moja tu kwa zamu, na hapo ndipo wengi wanajidanganya: wanadhani sime mbili ni kuvizia mara mbili. Sime ya pili kwa mjanja ni tiketi ya pili. Tuseme nafasi yako ya kupata ni 60 kwa mia. Ukikosa na ya kwanza, unajaribu na ya pili, na nafasi ya kuvizia kwako kuingia inapanda hadi 84.

Leveli ya 5, wepesi ukiwa +4, mpiganaji wa sime mbili anapiga mara tatu, 7.5 kila pigo. Ukitoa yanayokosa anabaki na wastani wa 13.5 kwa zamu. Mjanja anapata 15.4. Mjanja huyo huyo akiachwa peke yake na adui, hana wa kumsaidia kuvizia, anashuka hadi 6.6. Na kama ni mpiganaji unayempenda, mpe upanga mkubwa kama wa shemeji: mapigo mawili ya 11 ni 22 yote yakiingia, wakati sime tatu ni 22.5. Nusu pointi, na tendo la ziada limebaki huru. Kwa maoni yangu sime mbili za mpiganaji ni mambo ya leveli ya 1 hadi ya 4, baada ya hapo unabeba chuma cha bure.

Mjanja naye ana kero yake. Kuanzia leveli ya 2 tendo lile lile la ziada ndilo la kukimbia, kujitoa au kujificha, na kwa zamu unapewa moja. Ukishatumia sime ya pili umebaki umesimama mbele ya mtu uliyemkasirisha, na uhai wako umehesabiwa kwa dadu ya nane wakati wa mpiganaji ni ya kumi. Sheria za 2024 zimelegeza jambo hilo: mjanja aliyefunzwa kitara au jambia anaweza kuliingiza pigo la pili ndani ya shambulio lenyewe. Tulijua. Lakini karatasi tulikuwa tumeshalipia.

Kwa hivyo Jumamosi ya tatu nikaja na Kivuli cha Dunga, mjanja. Sime mbili, daima ubavuni mwa shemeji. Akakosa. Akakosa na tiketi ya pili. Mjanja ndiye anayeiomba 20 kuliko wote, maana inazidisha dadu zote mara mbili, za kuvizia zikiwemo, na kwa mapigo mawili nafasi ya kuipata ni karibu moja kwa kumi kila zamu. Zamu thelathini zikapita. Hakuna.

Nesi alikuwa anachinja tu. Moto wake mtakatifu hauhitaji yeye achote. Adui ndiye anachota kuukwepa, na goblini anahitaji 11 kwenda juu. Goblini walikuwa hawakwepi. "Ni maombi," akasema, akiandika.

Jumamosi ya nne nikasema narudi kwa mpiganaji. Refa akaniambia nitakuwa nimebadilisha dhehebu mara mbili kwa mwezi mmoja. Nikatoka nje kupunga upepo.

Pale nje, kwenye steji ya bodaboda, kuna mzee wa drafti. Ubao wa nyumba sitini na nne, vizibo kumi na viwili kila upande, vya mmoja vimefunikwa na vya mwenzake vimefunuliwa. Nikaketi nitazame. Kizibo cha mzee kikafika mwisho, kikavikwa taji, yaani kikapachikwa juu ya kingine. Kile cha juu kilikuwa kimefunuliwa, na ndani yake palikuwa na plasta. Kwenye plasta palikuwa na 20, kwa mwandiko usiosomeka.

"Jaduong', hicho kizibo umekitoa wapi?"

"Kijana wa huko kwenu aliniletea. Nilimwambia nataka vilivyonyooka, vilivyokunjwa havitelezi vizuri. Nikampa mandazi."

"Ni changu."

"Ni mfalme," mzee akasema, akakisogeza, akala wawili. "Ngoja tumalize."

Nikasubiri. Hakuna aibu kama kuketi dakika arobaini ukitazama bahati yako yote ikimfanyia kazi mtu mwingine. Alikubali kutoa 18, 19 na 20 kwa sharti nimletee vingine vitatu vilivyonyooka.

Nilirudi ndani nikamwaga soksi mezani. Kumi na saba. Nesi akafungua daftari: tangu Jumamosi ya pili hakuna 18 hata moja, wala 19, wala 20. Refa akachukua kalamu. Goblini wangu wa kumi na moja kwa ishirini alikuwa amegeuka nane kwa kumi na saba, kutoka 55 kwa mia hadi 47. Hobgoblini, kutoka 40 hadi 29. Na goblini wa kukwepa moto wa nesi, kutoka 50 hadi 41.

"Kwa hivyo maombi yako ni asilimia tisa," refa akamwambia nesi.

Kusema kweli hata mimi nilikuwa napigwa kidogo kuliko haki, maana maadui nao walichota soksi hiyo hiyo. Hilo sikulitaja, na hakuna aliyeuliza.

Shemeji akatumwa kununua soda tatu, akafungua kwa magego, mzee akalipwa, vizibo vyetu vikarudi soksini. Nesi akasema tujaribu kama sasa iko sawa. Akazamisha mkono, akafumba macho, akapapasa. Akatoa kizibo: 19. Akakiweka mezani, akapapasa tena: 18. Kisha 20. Akaangalia vidole vyake. Akaokota 20 kwa mkono mmoja na 3 kwa mkono mwingine, moja imenyooka, moja imekunjika, akazipitisha kwetu bila kusema neno.

Halafu akarudi kwenye ukurasa wa Jumamosi ya kwanza. Shemeji alichota mara kumi na moja. Saba zilikuwa 18 au zaidi.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Jumamosi tatu zilizofuata shemeji alikuwa anakaa na mkono soksini muda mrefu sana, uso umeinamia meza, na sisi tulikuwa tunanyamaza kwa heshima tukidhani anasali.

"Hapa umeandika mpiganaji," refa akamwambia, akimsukumia karatasi yake.

"Hiyo ni karatasi, shemeji," akasema, akamalizia soda ya tatu.

Siku hizi tunachota kwa vidole, yeye anachota kwa upawa.