Matundu matano kwenye karatasi

Jumamosi iliyopita nilituma picha kwenye grupu ya WhatsApp ya familia: kipande cha karatasi chenye matundu matano ya risasi yaliyobanana, na kando yake sarafu ya shilingi kumi niliyokuja nayo kutoka kwetu Amu, yaani Lamu. Ukiiweka juu, inayafunika yote na nafasi inabaki. Bunduki yenyewe haikuonekana. Hazikupita dakika mbili, ami yangu akaandika: "Futa hiyo, mwanangu. Wajua simu zetu hukaguliwa njiani."

Nikafuta. Lakini limenikaa rohoni wiki nzima, na leo nalisema.

Huu ni mwaka wangu wa saba Ohio, Marekani. Zamu ikiniruhusu, naenda uwanja wa shabaha nje ya mji. Wengi pale ni wazee wastaafu. Wanakaa kwenye benchi za zege, bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, wanapiga risasi moja, wananyamaza, wanachungulia kwa darubini, wanaandika daftarini. Hawawindi, hawashindani. Raha yao ni kuona matundu yakisogeleana. Siku ya kwanza miguu iliniisha nguvu, maana mimi bunduki nimeijulia kwenye vizuizi vya njia ya Lamu, Gamba na Nyongoro, ndani ya basi, kitambulisho mkononi. Mnajua, sina haja ya kusimulia.

Kuchagua yangu kulinichukua karibu mwaka. Kijana wa dukani alinisukumia ya risasi kubwa, .308 Winchester, bunduki nzuri, lakini risasi zake ni ghali na teke lake huchosha bega kabla sanduku halijaisha. Mzee mmoja pale uwanjani aliniuliza swali moja tu: utapiga umbali gani? Uwanja wetu ni yadi 50 na 100. Basi chukua .22, ya risasi ndogo, akasema, ya kufunga komeo kwa mkono, yenye mtutu mnene. Mtutu mnene haupati moto upesi, na uzito wake huituliza bunduki juu ya mchanga. Traiga, kile unachovuta kwa kidole, iwe nyepesi na ivunjike safi bila kuburuta, kwa sababu ukiivuta kwa nguvu unaisogeza bunduki yote. Tena mtutu usiguse mbao popote mbele ya chemba, pale risasi inapokaa. Yeye hupima kwa noti ya dola, anaipenyeza katikati ya mtutu na mbao na kuivuta hadi nyuma. Mimi nilitoa noti yangu ya shilingi mia. Ikapita bila kukwama, na hapo ndipo nilipoamua.

Nilichukua CZ 457 ya mtutu mnene, inayotengenezwa Uherský Brod kule Ucheki. Niliitamani Anschütz ya Wajerumani, watu walio kwenye kazi hiyo tangu 1856, ila bei yake inaweza kupita dola elfu mbili na mimi kila mwezi natuma pesa nyumbani. Nilifikiria pia Tikka T1x ya Finland. Kwa mtu wa kukaa benchini Jumamosi, zote tatu zitakutosha zikitoka sandukuni bila fundi kuzigusa. Ila usidanganywe na kundi la risasi tatu kwenye tangazo. Tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati. Piga tano, rudia mara nne au tano, halafu ndiyo useme bunduki yako inaweza nini. Wenyewe hupima kwa dakika ya pembe, ambayo kwa yadi 100 ni kama inchi moja.

Kisha risasi, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamaliza pesa kwenye bunduki halafu wanailisha chochote. Kila mtutu una chakula chake. Nilinunua aina sita, sanduku moja moja, nikazipiga zote kwenye karatasi siku isiyo na upepo. Mbili zilitawanyika kama mbegu. Moja, inayokwenda polepole kuliko sauti, ndiyo iliyotoa matundu niliyowatumia, yadi 50, nusu inchi hivi.

Na upepo! Yule mzee alitaka kunifundisha kusoma vibendera. Yadi 50, upepo wa maili 10 kwa saa ukija wa ubavuni huisukuma risasi ya .22 karibu inchi moja. Nikamwambia mimi ni mtoto wa nahodha wa dau, nimelala na kusi na kaskazi tangu sijaanza chuo cha Kurani. Nikangoja upepo ulegee, nikapiga. Akanitazama, akasogeza kiti chake karibu na changu. Siku ile niliona fahari ya kwetu ambayo sikuwahi kuiona nikiwa kwetu.

Sasa najua yatakayosemwa Langoni, mtaa wa Amu. Huyu ameshakuwa Mzungu. Sivyo. Nimekulia kati ya mafundi wa Matondoni wanaolinganisha mbavu za jahazi kwa jicho. Nani ataniambia usahihi nimeukuta Marekani? Mwingine ataniuliza: na watoto wanaouawa madarasani huko? Hilo silikatai, na silitetei. Nilijaza fomu, jina langu likapitishwa kwenye ukaguzi wa FBI, na kabla kahawa haijapoa nikaruhusiwa. Nilihofia jina langu la Kiislamu lingenikwamisha. Halikunikwamisha. Nilifurahi kwa nafsi yangu, na usiku ule ule nikaogopa kwa ajili ya mtaa wangu wa huku. Siombi urahisi huo uje Amu. Hata kidogo.

Ninacholalamikia ni kingine. Uwanjani niliulizwa nitapiga umbali gani. Nyumbani, mbele ya bunduki, nimeulizwa maisha yangu yote natoka wapi na naenda wapi. Baba alikatazwa kuvua usiku kwa sababu ya bunduki za watu wengine. Na bado hofu ni yetu, sisi tusio nazo, hadi karatasi yenye matundu inatetemesha mtu mzima aliyeketi barazani kwake. Ami, sikukasirikia wewe. Ulinilinda, ukajilinda, na ulikuwa na haki.

Wewe utakayesema basi nyamaza, uyaache ya huko yabaki huko: nimenyamaza miaka saba. Hiki ndicho kitu kimoja nilichokipata hapa kwa mikono yangu, nikataka watu wangu wakione.

Mwezi wa kumi na mbili naja, inshallah. Karatasi sitaibeba. Ami akikaa na kahawa yake, nitamtolea kokwa tano za tende nizibananishe juu ya mkeka, nimwambie: ilikuwa hivi, lakini karibu zaidi.