Mzee na Fomu ya Viza

Leo asubuhi nimekuta valizi imefunguliwa tena. Kati ya koti la baridi na Biblia kuna kilo tatu za finkubala, wale viwavi wa kuliwa, zilizokaushwa. Namuuliza Mzee, baba yangu, ananijibu kwamba dada yangu kule Liège, Ubelgiji, hali chakula. Miaka tisa hali chakula, na kila picha anayotuma shavu limeongezeka.

Na viza yenyewe hatuna! Valizi tumefunga mara nne.

Siku ya kupeleka dosi, yaani faili la maombi ya viza, nilivaa tai. Msimamizi wa safari ni mimi, na bahasha nilikuwa nayo kwapani: fotokopi, picha za milimita 35 kwa 45, bima ya euro 30,000. Maisha yangu yote hakuna aliyenithamini hivyo. Nikamwambia Mzee, wewe jibu unachoulizwa tu. Akasema, "Sawa." Mstaafu akikwambia sawa, mwogope.

Binti wa dirishani alikuwa mgeni wa mji, Kiswahili chake bado kichanga.

"Papa, ulizaliwa wapi?"

"Élisabethville."

Akatafuta kwenye kompyuta. "Hiyo iko wapi?"

"Umeikalia, mwanangu. Walibadilisha jina 1966, mimi sikuulizwa."

"Na sasa unakaa wapi?"

"Kenya."

Binti akaacha kuandika. "Papa, unaishi Kenya? Basi viza unaombea kule."

Nikaingilia: Kenya ni komini, iko hapa hapa Lubumbashi, tumekuja kwa miguu. Mzee akanitazama kama nimemkata mtu wa maana kauli.

Kisha likaja lile swali la fomu: uraia wa kuzaliwa, kama ni tofauti na wa sasa. Mzee akavuta kiti. Kiti chenyewe kilikuwa cha mlinzi.

"Andika. Nimezaliwa Kongo ya Wabelgiji, 1951. Mwaka 1960 tukapata uhuru, siku 11 hazijapita vizuri Katanga, jimbo letu hili, ikajitenga, kwa hiyo shule ya msingi nilisomea nchi nyingine bila kuhama darasa. Tukarudishwa Kongo. 1971 tukaamka Zaire. 1972 serikali ya Mobutu ikanivua jina la ubatizo, ndiyo maana paroko ananijua kama Joseph na kitabu cha kazi hakimjui Joseph. 1997, Kongo tena. Nimepita nchi tano bila pasipoti, wala sijatoka mtaani. Leo nataka kwenda moja tu, mnaniomba karatasi!"

Nyuma yetu kwenye mstari babu mmoja akapaza sauti: "Na mimi walinivua Albert!" Ikawa mkutano. Watu wanatajiana majina yao ya zamani, wanacheka, mlinzi amesimama hana kiti, na mimi na tai yangu nasema taratibu, "Papa, tafadhali."

"Nyamaza, watu wakubwa wanaongea."

Nina miaka 46. Nina watoto wanne. Tai niliivua pale pale.

Alama za vidole nazo mashine ikazikataa. Miaka thelathini ya kushika shaba imevilainisha. Turudi wiki ijayo.

Nilidhani yameisha. Jana akasikia kwamba wakati wa baridi saa za Brussels ni sawa na za Kinshasa, na wakati wa joto ni sawa na zetu. "Yaani nilale ndani ya ndege usiku mzima nikashukie saa za Kinshasa?" Sasa hataki baridi, anataka Julai. Tarehe niliyoandika kwenye fomu ni ya Desemba! Barua ya mwaliko ni ya Desemba! Likizo niliyoipigia magoti kazini ni ya Desemba! Koti limetolewa kwenye valizi, na mahali pake ninavyoandika hivi anapanga bitoyo, samaki wa chumvi, nyumba nzima inanuka.

Na mlangoni kuna hodi. Ni shemeji, amekuja na kipande cha boksi alichochorea unyayo, nimletee viatu. Unyayo mmoja. Namuuliza, na mguu wa pili? Anasema ule ni mkubwa kidogo, nitakadiria.