Ufa Unaotambaa: Setilaiti Zinajua Mwendo, Hazijui Siku

Katika mji wa Hayward, California, pale mtaa wa Rose unapokutana na Prospect, palikuwa na ukingo wa barabara uliokatika. Ufa wa ardhi ulipita chini yake, na mwaka baada ya mwaka kipande kimoja kikampita mwenzake kwa milimita chache. Wanajiolojia waliupiga picha tangu miaka ya 1970. Mwaka 2016 mafundi wakaubomoa ili kuweka njia ya viti vya magurudumu. Wataalamu waliumia roho, ingawa mimi siwalaumu mafundi: barabara ni ya wapitao.

Siku hizi kazi ya ukingo ule hufanywa na antena zilizokitwa kwenye mwamba, zinazopokea mawimbi ya redio kutoka setilaiti za GPS. Setilaiti iko juu kilomita 20,000 hivi, na wimbi lake kuu lina urefu wa sentimita 19. Kipokezi husoma sehemu ndogo tu ya wimbi hilo, kwa hiyo hupata milimita. Lakini ukizichora nukta za kila siku kwenye grafu utaona zinarukaruka, kwa sababu mvuke wa angani huchelewesha mawimbi, na vipimo vya kupanda na kushuka ndivyo hutetereka zaidi. Inabidi kungoja miaka kadhaa ndipo mwendo wa kweli ujitokeze.

Kuhusu mwendo wenyewe, ubishi ni mdogo. Vituo vya antena vilivyo mbali na ufa vikipishana huku vya karibu vikienda pamoja, ufa umeng'ang'ana na mkazo unalimbikizwa. Ubishi unaanza kwenye maana yake. Wapo wanaoona ufa unaotambaa kuwa salama, kwamba unajipunguzia mzigo kidogo kidogo. Hayward inawapinga: ufa wake unatambaa juu, lakini mwaka 1868 ulitoa tetemeko la ukubwa wa karibu 6.8. Kinachoonekana juu hakilingani na kilichokwama chini.

Swali gumu zaidi ni kama mwendo wa polepole unaweza kutuonya. Mwaka 2023 watafiti wawili wa Ufaransa walijumlisha mifululizo ya vipimo zaidi ya 3,000 kutoka matetemeko 90 ya ukubwa wa 7 na zaidi, wakaona mtelezo wa ufa, yaani pande zake mbili kupishana, ukiongeza kasi katika saa mbili za mwisho kabla ya tetemeko. Wenyewe walikiri kwamba kwa tetemeko moja moja vyombo vya sasa havitoshi. Muda si muda wakosoaji wakaonyesha kwamba vituo jirani hushiriki kelele ileile, yaani makosa yaleyale ya vipimo, na ukiiondoa, dalili inatoweka. Chile nako, kabla ya tetemeko la Iquique la Aprili 2014, vituo vya pwani vilisogea kuelekea baharini kwa wiki kadhaa. Wengine wanasema ni mtelezo wa polepole, wengine ni jumla tu ya mitetemo midogo iliyotangulia. Huko Parkfield, California, penye ufa uliotegwa vyombo kuliko karibu wote duniani, tetemeko lililotarajiwa kabla ya 1993 lilikuja Septemba 2004, bila dalili ya wazi.

Kwa maoni yangu wakosoaji wana nguvu zaidi, ila siwezi kusema mlango umefungwa. Kinachonisumbua ni kwamba tunazozana kuhusu saa mbili huku sehemu kubwa ya ufa wenye hatari hatujaipima kabisa. Japani ilikuwa na vituo zaidi ya 1,000 nchi kavu tetemeko kubwa la mwaka 2011 lilipotokea, na kimoja cha pwani kilisogezwa zaidi ya mita 5. Lakini mtelezo mkubwa kabisa, takriban mita 50, ulitokea mbali baharini, karibu na handaki la bahari, yaani bonde refu lenye kina kirefu sakafuni, ambako antena za nchi kavu huona kwa ukungu tu. Kupima huko kunahitaji meli inayojua mahali ilipo kwa setilaiti, inayotuma sauti hadi kwenye vifaa vilivyolazwa sakafuni, kisha inasubiri jibu lake. Siku za meli ni ghali, na vituo vya aina hiyo bado ni vichache mno.